Malengo ya wiki kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili: tunavyoyapanga hapa Uyole

Ratiba ya kwanza aliyoandika mpwa wangu ilipendeza kuliko zote zilizofuata. Aliichora kwenye manila nyeupe kwa kalamu za rangi tatu, mistari imenyooka kwa rula, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Jumatatu Hisabati saa 1 hadi saa 3 usiku, Jumanne Bailojia na Kemia, na kuendelea hadi Jumapili. Ilikuwa Julai, na baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi huo haina mchezo. Ratiba ilidumu siku tisa. Siku ya kumi nilimkuta amesinzia juu ya daftari, blanketi mabegani.

"Wiki hii umesoma nini?"

"Nimesoma Bailojia, Mjomba."

"Nini ndani ya Bailojia?"

Akafungua daftari ili anionyeshe. Nikamwomba alifunge kwanza, ndipo anieleze. Akanyamaza.

Sikumlaumu, maana muda alikuwa ameutumia kweli. Tatizo ni kwamba ile manila ilimwambia akae saa ngapi, lakini haikumwambia akinyanyuka awe anaweza kufanya nini. Nilifundisha Hisabati sekondari miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye kilimo cha parachichi, na kosa hili nililiona darasani kila mwaka. Tangu usiku ule tumeachana na ratiba ya saa, tunapanga malengo ya wiki. Utaratibu wenyewe ni huu, pamoja na mahali ulipotukwaza.

Ninaandika kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili. Hapo ndipo wengi wanapozama: shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu Januari moja karibu kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe, na masomo yanakuwa tisa au zaidi. Mwanafunzi mwenyewe akiusoma mwongozo huu peke yake, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Hesabu muda uliopo, si ule unaoutamani

Chukua karatasi muandike siku ya kawaida ya mtoto, bila kujisifu. Mpwa wangu anafika nyumbani saa 10 na robo. Kuna maji ya kuchota, vyombo, jiko la mkaa la kuwasha, na siku nyingine mahindi ya kupeleka mashine. Tulipopiga hesabu tulipata muda wa saa moja na nusu kila usiku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa hakuna kitu, ni siku ya kwaya. Jumamosi asubuhi kuna saa mbili, Jumapili jioni saa moja. Jumla saa 9.

Kata theluthi. Umeme utakatika, mgeni atakuja, kichwa kitauma. Zinabaki saa 6. Zigawe nusu saa nusu saa, unapata vipande 12. Hiyo ndiyo wiki nzima, na masomo ni tisa. Hapa mzazi hushtuka, na ni vizuri ashtuke mapema, kabla hajaanza kuuliza kwa nini mtoto "hasomi".

Sisi tuligawa hivi: Hisabati vipande 4, Kiingereza 2, Bailojia, Kemia na Fizikia kimoja kimoja, Jiografia kimoja, Kiswahili kimoja, na kilichobaki Historia na Uraia wanapokezana wiki kwa wiki. Shule zilizoingia kwenye mtaala mpya zina masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yakibadilika, hesabu inabaki ileile.

Kwa nini Hisabati vinne? Unaweza kusema ni upendeleo wa mwalimu wa Hisabati, na sitabisha sana. Lakini Hisabati haisomwi kwa macho, inafanywa kwa mkono, na mkono unahitaji muda. Tena mada zake zimeshikana: aliyeruka vipeo na vipeuo ataumia kwenye logi. Historia ya wiki hii ukiikosa, ya wiki ijayo bado utaielewa.

Hatua ya 2: Jua darasa limefika wapi, na alama zinapotelea wapi

Kila mwalimu ana azimio la kazi, ile karatasi inayoonyesha mada gani inafundishwa wiki ipi. Wazazi wengi hawajui kwamba wanaweza kuiulizia. Nenda shule siku moja, salimia, mwombe mwalimu wa somo akuonyeshe mada za mwezi huu na unaofuata. Si lazima upewe nakala, ziandike tu kwenye kaunta buku. Vitabu vya kiada navyo vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hivyo hata mtoto ambaye shuleni wanagawana kitabu watano anaweza kukipakua kwenye simu ya mzazi.

Halafu zitafute karatasi za mtihani wa mwisho, zile alizozikunja akazificha chini ya godoro. Kazi ya hapa ina thamani kuliko hatua zote, kwa hiyo usiiharakishe. Pitieni kila alama aliyopoteza na muipe herufi moja kati ya tatu: S kwa "sijui kabisa", L kwa "nilijua, lugha ya swali ilinishinda", H kwa "haraka".

Mpwa wangu alipata 38 kwenye Hisabati, ambayo kwa viwango vya Baraza la Mitihani ni D, kwa kuwa D ni 30 hadi 44 na C inaanzia 45. Alama 62 zilizopotea tulizigawa kwa herufi: S zilikuwa 21, H 17, L 24. Ishirini na nne! Kulikuwa na swali la mtu aliyenunua bidhaa na kuiuza kwa hasara. Nilipomsomea kwa Kiswahili alilifanya kwa dakika tatu, akiwa anamenya viazi. Kumbe tulikuwa tunataka kumpeleka tuisheni ya Hisabati mtoto ambaye sehemu kubwa ya ugonjwa wake ilikuwa Kiingereza cha Hisabati.

Herufi hizo ndizo zinazoamua malengo. S nyingi maana yake ni kurudi kwenye mada. L nyingi, anahitaji maneno na kusoma maswali. H nyingi, anahitaji mazoezi machache anayoyahakiki mwenyewe hatua kwa hatua, na hapo kumrundikia maswali ni kumzidishia ugonjwa.

Hatua ya 3: Andika lengo kwa sentensi inayobana

Sentensi yetu ni moja tu: "Ifikapo Jumamosi, daftari limefungwa, naweza…" Baada ya hapo kinafuata kitendo ambacho mtu mwingine anaweza kukiona au kukisikia, chenye idadi, kinachoingia kwenye nusu saa.

Nimepiga marufuku vitenzi vinne: kusoma, kupitia, kuelewa na kujua. Si vibaya, ila havina pa kushika. "Nitasoma Pythagoras" utaithibitishaje? Linganisha na hili: "Naweza kutafuta upande mrefu wa pembetatu yenye pembe mraba, maswali 5, nikapata angalau 4." Au badala ya "nitaelewa mgandamizo" andika "naweza kumweleza Bibi kwa nini kisu butu hakikati, kwa kutaja nguvu na eneo". Mtoto akiandika lengo lake la kwanza litakuwa kubwa mno, kwa mfano "naweza kufanya maswali yote ya logi". Usimkatie tamaa, mwambie alipasue kama kuni hadi kila kipande kiingie jikoni.

Hatua ya 4: Somo kwa somo

*Hisabati.* Vipande vinne tunavigawa hivi: viwili vya mada inayofundishwa sasa, kimoja cha maswali ya maneno, kimoja cha mada ya zamani. Hicho cha mwisho ndicho watoto hukitoa kafara wakichoka, na ndicho kinachowaokoa Novemba.

Kwenye maswali ya maneno chukua mambo ya hapa kwetu, halafu mtoto ayaandike kwa Kiingereza mwenyewe. Nilimpa la lumbesa: gunia la kilo 100 limejazwa hadi kilo 130, mkulima analipwa la kilo 100. Amepunjwa asilimia ngapi? Akajibu 30 bila kufikiri. Nikamuuliza, 30 ya nini? Ya kile alicholipwa, sawa. Lakini kati ya mzigo mzima ulioondoka shambani, sehemu isiyolipwa ni 30 kwa 130, yaani karibu asilimia 23. Tulibishana nusu saa nzima, na hatukugusa swali la pili. Sikujali. Asilimia bila kuuliza "ya nini" ndiyo inayowaangusha wengi kwenye faida na hasara.

La Pythagoras tulilipata kwa jirani anayejenga. Fundi alikuwa anapima kona ya msingi: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha anavuta kamba kutoka alama hadi alama. Ikisoma mita 5 kamili, kona iko mraba. Isiposoma, anasogeza kigingi. Mpwa wangu alikuwa ameikariri kanuni wiki mbili nzima na hakuwa amewahi kuiona inafanya kazi. Akamuuliza fundi alisomea wapi Pythagoras. Fundi akajibu hamfahamu huyo mtu.

*Kiingereza.* Kipande cha kwanza ni maneno 10, lakini si ya kuokota kwenye kamusi. Yatoke kwenye kitabu cha Bailojia au Jiografia cha wiki hiyohiyo, na kila neno liingie kwenye sentensi yake mwenyewe. Hivyo kipande kimoja kinalipa madeni mawili. Kipande cha pili ni nusu ukurasa wa kuandika juu ya kitu alichokiona: soko la Mwanjelwa asubuhi, ukungu barabara ya Tukuyu, mnada. Asahihishe wakati wa vitenzi tu, mengine yaache. Ukimsahihisha kila kitu ataandika sentensi tatu fupi za kujilinda.

Mara moja kwa mwezi lengo liwe maneno ya kuamuru ya mtihani. Mtoto anayejibu "explain" kama vile ameulizwa "mention" atataja mambo manne mazuri na kupata alama nusu. Tuliyaandika kwenye kadi za boksi la sabuni, upande mmoja neno, upande wa pili kazi inayotakiwa: taja tu, eleza kwa sababu, tofautisha pande zote mbili.

*Bailojia.* Kila wiki mchoro mmoja wenye majina, bila kutazama, au jaribio moja la jikoni. Jaribio la kiazi linapendwa sana kwetu, na viazi mviringo huku havina shida. Mada ni osmosisi, ipo kwenye usafirishaji wa vitu ndani ya viumbe. Kata vipande viwili vya kiazi kibichi virefu kama njiti, unene wa kidole kidogo. Kimoja kiweke kwenye kikombe cha maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko viwili vya chumvi. Viache tangu baada ya chakula cha usiku hadi asubuhi. Kilichokaa kwenye maji matupu kitakuwa kigumu, ukikikunja kinakatika kwa sauti. Cha kwenye chumvi kitakuwa legelege, kinapinda kama mpira, kwa sababu maji yametoka ndani ya chembe hai za kiazi kwenda kwenye maji ya chumvi.

Kuona hakutoshi, lengo ni kueleza. Aeleze kwanza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani hadi aaminike, ndipo aandike mistari minne kwa Kiingereza. Akianza na Kiingereza atanukuu daftari la mwalimu neno kwa neno na hutajua kama amejua.

*Kemia.* Elementi 20 za kwanza, nne kwa wiki, ni wiki tano. Jina, alama, namba, valensi (uwezo wa elementi kuungana na nyingine). Wanaogopa kwa sababu hupewa zote kwa siku moja. Zinazowachanganya ni zile ambazo alama haifanani na jina, kama Na ya sodiamu na K ya potasiamu, ambazo zimetokana na majina ya Kilatini. Zitenge, zirudie mara mbili. Asiyejua valensi asipoteze muda kusawazisha milinganyo.

*Fizikia.* Wiki moja kanuni na vizio vyake, wiki nyingine kitu cha nyumbani kinachoielezea. Toroli la fundi ni wenzo (lever) wa kundi la pili, mkasi ni wa kwanza, koleo la makaa ni wa tatu. Na kuna swali ambalo kila mtoto wa nyanda za juu anapaswa kulijibu: kwa nini maharage yanachelewa kuiva hapa kuliko kwa shangazi yake Kyela? Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ni kama mita 500, na maji yanafika karibu nyuzi 98. Kuongeza mkaa hakuongezi joto la maji yanayochemka, yanakauka haraka tu. Mke wangu hakulipenda hitimisho hilo, lakini alilipokea.

*Jiografia.* Ramani kwanza. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilometa 1. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilometa 70 kwa barabara. Ukiunyoosha mstari huo ni sentimita 140, meza yetu ya kulia haifiki. Mtoto aliyeupima mstari huo sakafuni kwa chaki hasahau skeli. Hali ya hewa nayo ipo dirishani: kwa nini Rungwe inanyesha hivyo na Usangu, upande wa pili wa milima, ni kavu? Jibu kamili lina hatua tatu: upepo wenye unyevu, mlima unaoupandisha hewa ikapoa, na upande wa pili unaokosa mvua, yaani kivuli cha mvua.

*Historia na Uraia.* Kwa kifupi: matukio matatu na mwaka wake, halafu sentensi moja ya kuunganisha sababu na matokeo. Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, chifu wao Mkwawa akafa 1898, fuvu lake likarudishwa Kalenga, Iringa, 1954. Mtoto akiweza kueleza kilichotokea katikati, tarehe zitakaa zenyewe. Kwa zana za mawe mada ya kidato cha kwanza inataja Isimila, na Isimila ipo kama kilometa 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya kuja Mbeya. Mkipita na basi mwonyeshe hata kibao. Uraia ukikosa nafasi wiki mbili, hatutakufa.

*Kiswahili.* Hapa wanapoteza alama kwa kiburi, wanadhani wanakijua. Mtaani tunasema "gari zangu zimeharibika", na mtihani unataka "magari yangu yameharibika". Lengo zuri la wiki ni ngeli moja: majina 8, kila moja kwenye sentensi ya umoja na ya wingi. Wiki nyingine barua rasmi, na anwani zikae mahali pake.

Hatua ya 5: Ukurasa mmoja, Jumapili jioni

Mwanafunzi ndiye anayeandika, mlezi anauliza tu. Dakika 20 zinatosha. Huu ni ukurasa wa mpwa wangu wa wiki moja ya Agosti, nimenyoosha maandishi tu:

- HIS 1: natafuta upande mrefu wa pembetatu mraba, maswali 5, nipate 4
- HIS 2: natafuta upande mfupi, maswali 5, nipate 4
- HIS 3: nachora picha ya maswali 3 ya maneno kabla ya kukokotoa
- HIS 4: (zamani) narahisisha vipeuo 6
- KING 1: maneno 10 ya Bailojia, sentensi 10 zangu
- KING 2: nusu ukurasa, soko la Mwanjelwa, wakati uliopita
- BAI: jaribio la kiazi, mistari 4 bila daftari
- KEM: florini, neoni, sodiamu, magnesiamu: alama, namba, valensi
- FIZ: makundi 3 ya nyenzo, mfano mmoja mmoja wa hapa nyumbani
- JIO: nageuza umbali 4 kutoka ramani kwenda kilometa
- KIS: ngeli ya LI-YA, majina 8, umoja na wingi
- HIST: Lugalo, Mkwawa, Kalenga: miaka na sababu

Hakuna siku wala saa kwenye ukurasa huo. Anachagua mwenyewe ataanza na lipi, ila tuna sharti moja: HIS 1 na HIS 2 ziishe kabla ya Jumatano, ili akikwama awe na siku ya kumuuliza mwalimu.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa Jumamosi

Madaftari yanafungwa, yanawekwa juu ya kabati. Huna haja ya kumaliza yote 12, chagua 6 bila kumwambia mapema ni yapi. Alama ni tatu: tiki, nusu, au duara tupu.

Wazazi wengi huniambia, mimi sikusoma, nitamkaguaje? Mama yangu mzazi hakumaliza darasa la nne na ndiye mkaguzi mkali kuliko mimi. Anakaa kwenye kigoda, mtoto anamweleza, naye ana swali moja tu: "Kwa hiyo?" Mtoto akiwa amekariri, hapo anakwama. Jumamosi ile ya kiazi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, chumvi inavuta maji, je sukari? Mpwa wangu akanitazama. Nikatazama pembeni. Likaingia kwenye ukurasa wa wiki iliyofuata: kikombe cha tatu, vijiko vinne vya sukari. Asubuhi kiazi kilikuwa kimelegea vilevile, na mtoto akagundua mwenyewe kwamba tatizo si chumvi, ni maji kuwa na vitu vingi vilivyoyeyuka ndani yake. Kwenye Hisabati, mzazi asiyejua atumie kitabu chenye majibu nyuma: yeye anashika kitabu, mtoto anafanya, mnalinganisha.

Usimkague ukiwa na hasira, na usimkague mbele ya wageni.

Hatua ya 7: Viporo

Lengo lenye duara tupu ni kiporo, linahamia wiki ijayo na linachukua nafasi ya lengo jipya la somo hilohilo, haliongezwi juu yake. Ukiongeza, wiki ya tatu mtoto ana malengo 19 na anaanza kukudanganya. Kiporo kikilala mara mbili kinachacha: ama lengo ni kubwa, lipasue, au hajui kitu cha nyuma yake, rudi huko, au anahitaji mwalimu wa somo, mwandikie swali lenyewe kwenye karatasi akamuulize. "Sielewi logi" haimsaidii mwalimu. "Nimekwama kwenye kusoma jedwali pale namba inapoanza na sifuri baada ya nukta" inamsaidia.

Kuna wiki hazifai. Wakati wa kuvuna viazi au mahindi, punguza hadi vipande 6: Hisabati 3, Kiingereza 1, sayansi 2. Punguza mapema, Jumapili, siyo kusubiri Jumamosi mkaanza kutafuta visingizio. Mtoto wa bweni anatumia muda wa prepo (kujisomea usiku) na rafiki mmoja wa kukaguana naye. Wawili wanatosha, wakifika watano inakuwa kijiwe.

Kila wiki ya nne hatuweki lengo jipya. Tunachukua mtihani mmoja wa zamani kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, anaufanya kwa muda uleule wa chumba cha mtihani, kisha tunarudi kwenye herufi zetu S, L na H. Kwenye tovuti hiyohiyo kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha mifano ya majibu mazuri na mabaya ya wanafunzi halisi, na kwa nini yalipata au yalikosa alama. Soma ya somo moja tu pamoja naye, utaona mnavyocheka, kwa sababu makosa ni yaleyale.

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili kwa kawaida hufanyika Novemba. Ukihesabu tangu Julai na kutoa likizo fupi ya Septemba, una wiki kama 16 hivi. Zitoe 3 za mwisho kwa marudio, zinabaki 13. Kipande kimoja cha mada ya zamani kwa wiki ni mada zisizozidi 13, kwa hiyo msichague zile anazozipenda. Sisi tulianza na zenye S nyingi, tukaziandika nyuma ya ile manila ya rangi tatu, ambayo tulikuwa tumeibandua ukutani taratibu kwa kisu ili isichanike.